Upande wa Ganzi

Inspekta Awoi alitumwa Kakuma kutia sahihi tu. Mkubwa wake kule Lodwar alisema kesi imeshapikwa ikaiva: mshukiwa yuko seli, mashahidi wamesema yao, kesho asubuhi kortini. Aende akaone mahali, awasikie watu kwa masikio yake, atie sahihi, arudi. Awoi hakuwa na hamu ya chakula kilichopikwa na wengine, na njia nzima alimnunia dereva wake, Koplo Nanok, ambaye hakuwa amemkosea lolote.

Sasa alikuwa amesimama ndani ya chumba cha upasuaji, viatu vimevikwa mifuko ya plastiki, akiitazama meza aliyofia Elyse.

Elyse alikuwa mkimbizi Mrundi wa makazi ya Kalobeyei. Aliletwa hospitalini mtoto akiwa amekwama, ikaamuliwa apasuliwe. Akachomwa sindano ya mgongo, ile ya kutia ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini. Miguu badala ya kulala ikaanza kuruka, kisha mwili mzima. Mtoto walimtoa akiwa hai, mama hawakuweza kumwokoa. Kilichoingia mgongoni hakikuwa dawa ya ganzi bali dawa ya kuzuia damu, ambayo mahali pake ni mshipani, na ikipelekwa uti wa mgongo inaua. Aliyekitoa kile kichupa ni Pontien, muuguzi, mkimbizi kutoka Bukavu. Na Boris, mume wa marehemu, alikuwa ameshawaambia polisi kwamba yeye na Pontien waliwahi kushikana mashati bombani. Kwa hiyo kiongozi wa mashtaka hakuzungumzia uzembe tena. Alizungumzia mauaji, na kwa mauaji Pontien angezeekea gerezani.

"Nionyeshe," Awoi alisema.

Aliyekuwa akiambiwa ni Ekiru, mtaalamu wa usingizi, kijana nadhifu ambaye watu wote pale walimwita daktari na yeye hakuwakatalia. Ekiru alisimama kichwani pa meza.

"Mimi niko hapa, Madam. Mama amekaa, mgongo huku. Mikono yangu imevaa glavu safi, siwezi shika kitu. Nasema, 'Pontien, ganzi.' Ananipa."

"Anakupa kutoka wapi?"

Ekiru alionyesha rafu ya chuma ukutani, kati ya dirisha na mlango. Juu yake palikuwa na trei nyeupe ya plastiki, vichupa vya kioo vimepangwa safu safu, kila safu na karatasi yake ya jina. Pazuri. Pazuri mno, Awoi aliwaza. Trei ilikuwa bado inanuka duka.

"Na wewe ulisoma kichupa?"

"Nilimwamini."

"Sikuuliza kama ulimwamini."

Ekiru alinyoosha mgongo. "Hii mambo iko wazi, Madam. Pontien alichukua dawa kwa uzembe wake mwenyewe, sisi wengine hatukujua lolote."

Awoi alisogea kwenye rafu. Akainua trei. Chini yake chuma kilikuwa na alama nyeupe ya mraba, pana kuliko trei yenyewe, imeganda ukingoni kama uji uliomwagika ukakauka. Akaikwaruza kwa ukucha, akaonja ncha ya kidole. Chumvi.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Hapo? Hakuna kitu. Ni rangi ya zamani."

Rangi gani hiyo ya kukolea munyu, Awoi hakuuliza. Aliirudisha trei mahali pake, akamwita Nyadak.

Nyadak alikuwa msaidizi wa chumba cha upasuaji, mwanamke mrefu wa Sudan Kusini, mwenye sauti ya chini. Alisimulia kwa Kiswahili chake cha Kakuma, akiokota neno moja moja. "Mimi nashika mama hapa, bega. Mimi hapana ona chupa. Mguu yake inaruka, mimi nalia." Akafuta macho kwa mkono wa gauni. Kisha akajinyoosha, akatazama ukuta ulio mbele yake, na sentensi nzima ikamtoka imepigwa pasi: "Pontien alichukua dawa kwa uzembe wake mwenyewe, sisi wengine hatukujua lolote."

Awoi alimtazama hadi mama wa watu akainamisha kichwa.

Sentensi hiyo hiyo aliikuta mara ya tatu ofisini kwa Sista Akoru, metroni. Huyu ndiye aliyeishikilia hospitali ile kwa meno miaka yote. Nusu ya watoto wa Kakuma walipita mikononi mwake. Alimkaribisha Awoi kwa Kiturkana, "Ejok," akamimina chai ya maziwa, akauliza habari za Lodwar, na baada ya hapo akaitamka sentensi kwa utulivu kama anayesoma ombi kanisani. Awoi alihisi hasira ikimpanda. Mashahidi watatu wasemao ukweli husema mambo matatu yanayofanana kidogo. Wasemao jambo moja neno kwa neno walikaa chini mahali fulani wakagawiwa.

"Sista, pale kwenye rafu palikuwa na nini kabla ya ile trei?"

"Trei," Sista Akoru alisema. "Wameshakueleza."

"Nani?"

Sista akanywa chai.

Nje ya ofisi, kwenye ubao wa matangazo, Nanok alikuwa akitazama picha. Wageni kutoka nje, waliotoa msaada, wamevaa kofia za kijani za upasuaji, Sista Akoru katikati yao. "Hata daktari wa usingizi ameambiwa acheke, Madam," Nanok alisema. "Ona vile anaumia." Awoi aliitupia jicho mara moja, akapita. Baadaye alijilaumu kwa haraka hiyo.

Getini joto lilikuwa limeshika kisawasawa. Nanok aliomba maji, na mzee wa ulinzi akamwelekeza kwenye kivuli cha kibanda chake, ambako mtungi wa plastiki ulikuwa umevikwa gunia lililolowa, kama wafanyavyo watu wote wa huku wanaotaka maji yenye ubaridi. Unalowesha gunia, upepo unapita, maji yanapoa. Awoi aliukulia mtungi wa namna hiyo. Alikunywa naye, akakirudisha kikombe, na hapo ndipo macho yake yalipoangukia jiwe lililobeba mtungi. Lilikuwa na alama nyeupe ukingoni, imeganda. Akainama, akaonja.

"Madam, unalamba mawe?" Nanok aliuliza kwa wasiwasi wa kweli.

"Mle ndani ya thieta walikuwa na kitu kimevikwa gunia la maji," Awoi alisema. "Kilikaa pale siku nyingi hadi chumvi ikaota. Na baada ya yule mama kufa wamekiondoa, wakaleta trei ya dukani. Twende kituoni."

*

Pontien aliletwa kutoka seli bila mkanda wala viatu. Alikuwa mtu mzima, mvi kidogo masikioni, na alikaa kwenye benchi kama anayesubiri kuitwa na daktari. Awoi alimpa chai. Akaishika bila kuinywa.

"Unajua kesho watakusomea mauaji?"

"Najua, mama."

"Uligombana na Boris, ukampa mke wake sumu?"

Pontien alishtuka, chai ikamwagikia magotini. "Elyse? Mi ndo nilimuambia Boris amulete lopitali. Yeye alisema atazalia ku nyumba. Nilimuambia, leta, mi niko pale, nitamuangalia." Akainua mkono mmoja. "Mukono ni wangu, mama inspekta. Nilimupa Ekiru ile chupa. Andika ivo."

"Nitaandika. Ulikitoa wapi?"

Pontien alifuta magoti kwa kiganja.

"Kwenye trei?"

Pontien alitazama chini.

"Ulikitoa kwenye kitu kilichovikwa gunia," Awoi alisema polepole. "Kitu hicho sasa hakipo. Wenzako watatu wananiambia hakikuwepo. Wamekutoa kafara, Pontien, na wewe unawasaidia kukamata miguu."

Aliinua uso, na Awoi akaona kwamba hakuwa mjinga, wala hakuwa amekata tamaa. Alikuwa amepiga hesabu yake.

"Mi nikisema, serikali itafunga thieta," alisema. "Iko moja tu yenye inafanya kazi huku kwetu. Wakiifunga, wamama wenye watoto wamekwama watapasuliwa wapi? Ku lagga, ku mto mukavu? Lodwar ni mbali, mama. Wengine watafia njiani. Mimi ni mutu mumoja."

"Na Elyse alikuwa watu wangapi?"

Hilo lilimpata. Alilia kimya kimya, bila kufuta machozi, chai bado mkononi. Lakini kuhusu rafu hakutamka neno, na Awoi, aliyewahi kuwabana majambazi wa barabarani wakatema kila kitu, alimwacha. Mtu anayeficha ili ajiokoe ana mahali pa kushikwa. Huyu hakuwa napo.

Alipokuwa akirudishwa seli aligeuka. "Mutoto anakunywa?"

"Mtoto yupi?"

"Wa Elyse. Nani anamupa maziwa?"

*

Aliyempa mtoto maziwa alikuwa Liliane.

Awoi aliwakuta Kalobeyei, nje ya nyumba ya Boris, chini ya turubai. Boris alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono imelegea. Liliane, jirani yake, Mkongo aliyevaa kitenge cha manjano, alimpakata mtoto mdogo sana na kumnywesha kwa kikombe, tone kwa tone, kwa ustadi wa mtu aliyefanya hivyo mara nyingi.

"Wewe ni muuguzi," Awoi alisema.

"Nilikuwa."

Awoi alianza na Boris. Alimuuliza juu ya ugomvi wa bombani, na Boris akauelezea: mitungi iliyosogezwa kwenye foleni, tusi, shati lililochanika, majirani wakaamua. Jioni ile ile walikula pamoja.

"Polisi hukuwaambia kwamba mlikula pamoja."

"Polisi hawakuuliza." Macho ya Boris yalikuwa mekundu na makavu. "Waliniuliza, 'Muliwahi kugombana?' Nikasema ndiyo. Mama, mimi nilitaka mutu. Nilizika bibi yangu, nilitaka kuona mutu mwenye alifanya. Sasa wewe unakuja kuniambia si yeye?"

"Nakuja kuuliza. Baada ya mazishi Pontien alikuja hapa?"

"Alikuja mbele ya mazishi. Alipiga magoti hapa." Boris alionyesha vumbi kati ya miguu yake. "Alisema, 'Ni mimi nilitoa ile dawa.' Nilimupiga. Hakujikinga."

Ndivyo ushahidi wa mauaji ulivyokufa, pale kwenye vumbi. Awoi alimgeukia Liliane. Hakumzungusha.

"Ndani ya thieta kuna kitu kinavikwa gunia la maji. Ni nini?"

Liliane alimalizia tone la mwisho, akampandisha mtoto begani, akampapasa mgongo hadi akacheua. Ndipo akajibu.

"Ni sanduku, mama. La plastiki, la wafadhili. Dawa zingine zinaharibika na joto, na hii Kakuma unaijua. Friji moja, na ile ni ya damu, na umeme unaenda unarudi. Basi watu wa pale walifanya kama maji. Wakaweka vichupa ku sanduku, wakavalisha gunia, wanalowesha asubuhi na mchana. Dawa zinakaa muzuri. Ni akili, sikatai."

"Lakini?"

"Lakini karatasi zinatoka. Unyevu, mama. Majina yote yanabanduka, yanabaki kushikana na gunia. Vichupa vinabaki uchi, vyote vinafanana. Basi tukajua kwa upande. Upande wa dirisha, ganzi. Upande wa mlango, dawa ya damu. Mukono unazoea. Hauangalii tena."

Awoi alisogea karibu. "Na nani alijua hivyo?"

"Wote. Sista, Ekiru, Nyadak, Pontien. Mimi."

"Hakuna aliyesema?"

Liliane alicheka, kicheko kisicho na raha hata kidogo. "Mimi nilisema. Mara moja nilitoa kichupa, Ekiru akavuta dawa, nikaona kipande cha karatasi kimebaki ku kichupa, jina si lenyewe, nikashika mukono wake. Mama yule alipona, hata hakujua. Asubuhi ku mukutano nikasimama nikasema, 'Jana karibu tuue mutu, tuache hii sanduku.' Wote wakaangalia viatu. Sista akaniuliza, 'Nani alitoa kichupa?' Nikasema mimi. Akasema, 'Basi andika barua ya kosa lako.' Mwezi ule kandarasi yangu ikaisha, hawakuongeza." Alimbadilisha mtoto bega. "Pale hawaulizi nini kiliharibika. Wanauliza nani. Tangu ile siku, hata mutu aone moto, hataita."

Boris alikuwa ameinua kichwa. Ilionekana alikuwa akiyasikia haya kwa mara ya kwanza.

Awoi aliyageuza maneno yale kichwani na kukuta kipande kimoja hakikai. "Pontien amefanya kazi pale muda gani?"

"Kunizidi mimi."

"Basi mkono wake ulizoea kukuzidi wewe. Mtu wa namna hiyo hachanganyi dirisha na mlango, hata akiwa amelala nusu. Aliingiza mkono upande wa dirisha, kama siku zote." Alisimama. "Kwa hiyo si mkono uliokosea. Ni sanduku. Lina pande mbili zinazofanana?"

"Ukilivalisha gunia, ndiyo. Ukilivua, upande mumoja una stika kubwa ya wafadhili. Ile ilitazama ukuta."

"Siku zote?"

"Siku zote. Stika mbele ingefanya nini, na gunia liko juu?"

Awoi alikuwa ameshaanza kuelekea kwenye gari. Wafadhili. Kofia za kijani. Ekiru anayecheka kwa maumivu.

*

Picha ilikuwa bado pale ubaoni. Awoi aliing'oa pini zake nne na kuipeleka mwangani. Wageni, tabasamu, Sista Akoru. Na nyuma ya bega la Sista, juu ya rafu ya chuma kati ya dirisha na mlango, sanduku la buluu lililovuliwa gunia, limekauka, stika kubwa ikiitazama kamera.

"Wageni walikuja lini?" alimuuliza karani aliyepita.

"Siku ile ile ya marehemu, afande. Asubuhi."

Basi ilikuwa hivyo. Asubuhi wanalivua sanduku gunia kwa aibu, wanaligeuza ili wafadhili wajione, picha inapigwa. Wageni wanaondoka, joto linapanda, mtu analivisha gunia tena kwa haraka. Hakuna anayeligeuza tena: vichupa vya dirishani sasa viko mlangoni. Mchana Elyse anaingia, na Pontien anapeleka mkono dirishani.

Sista Akoru hakuwa ofisini. Awoi alimkuta kwenye ukumbi wa chumba cha upasuaji, karibu na kitanda cha magurudumu. Kitandani palikuwa na msichana wa Kiturkana, shanga shingoni, jasho usoni, akiuma kanga ili asipige kelele. Mtoto wake alikuwa amekaa vibaya tumboni.

"Sasa hapana, Inspekta," Sista alisema. "Tunaingia."

"Nina swali moja tu."

"Baadaye!"

Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa wazi. Ekiru alikuwa tayari ndani, Nyadak akimfunga kamba za gauni mgongoni. Na juu ya rafu, mahali pa trei nyeupe, lilikaa sanduku, limevikwa gunia, linadondosha maji.

Awoi alimpita Sista. Aliingia bila kuvaa mifuko ya viatu.

"Hilo limerudi lini?"

"Leo mchana," Ekiru alisema, macho yakimkwepa. "Dawa za ile trei zilikuwa zimechemka, Madam. Si unaona hii joto? Zile za hapa ziko sawa. Nyadak ametoa stoo."

"Zile zile? Hazikubadilishwa tangu Elyse?"

Nyadak alilifunga fundo moja mara ya pili.

"Geukeni ukutani, wote wawili. Ekiru kule, Nyadak huku."

"Madam, kuna mgonjwa."

"Ndiyo maana nasema geuka!"

Waligeuka. Kutoka ukumbini msichana aliguna, na kitanda kikalia.

"Nyosheni mkono kila mtu pasipo kutazama. Dawa ya ganzi iko upande gani wa sanduku?"

Mikono miwili ilinyooka bila kusita hata kidogo. Wa Ekiru ulielekea dirishani. Wa Nyadak, aliyeliweka pale mchana, ulielekea mlangoni.

Nanok, aliyekuwa kizingitini, alisema kitu kwa Kiturkana ambacho mama yake asingependa kukisikia.

"Sasa tazameni," Awoi alisema.

Waligeuka, kila mmoja akauona mkono wa mwenzake. Nyadak alitoa sauti ndogo na kujiziba mdomo. Awoi hakuwaangalia tena. Alimwangalia Sista Akoru, aliyesimama mlangoni mkono mmoja ukiwa bado kwenye kitanda cha msichana.

"Mimi sijui upande upi ni upi," Awoi alimwambia. "Hawa hawajui ingawa wanadhani wanajua. Pontien yuko seli. Dakika chache zijazo mmoja wa hawa atatoa kichupa, na huyu binti atachomwa mgongoni. Unaweza kunyamaza, Sista. Umenyamaza vizuri mpaka hapa."

Msichana aliushika mkono wa Sista, kama wanavyoshika wote, bila kujua ni wa nani.

"Mimi ndiye niliyeligeuza," Sista Akoru alisema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, na uso wake ukazeeka mbele yao.

"Wale wageni walitaka jina lao lionekane. Nililivua, nikaligeuza, wakapiga picha, nikalivisha. Nilisema nitalirudisha. Kisha nikaitwa wodini." Aliitazama rafu. "Mguu wake ulipoanza kuruka nilijua. Hapo hapo nilijua, nikiwa nimesimama pale. Na nikawaza: nani alitoa kichupa?"

Sista Akoru aliuondoa mkono wa msichana taratibu, akautia mkononi mwa Nyadak. Akaingia, akalibeba sanduku na gunia lake lote, maji yakimtiririka kwenye sare nyeupe, akalitoa nje na kulikabidhi kwa Nanok. Kisha akakimbia, yeye mwenyewe, mwanamke wa umri ule, hadi stoo, akarudi na katoni ambayo haijafunguliwa. Kichupa cha kwanza alikisoma kwa sauti. Akampa Nyadak akisome. Ekiru akakisoma. Mlango ukafungwa.

Awoi alipiga simu kituoni. Alimwambia ofisa wa zamu kwamba Pontien asipelekwe kortini kesho, kwamba hakuna mauaji hapa, na kwamba apewe viatu vyake. Mkubwa wake wa Lodwar atapiga kelele. Na apige.

Walisubiri kwenye benchi la ukumbini, sanduku likidondosha maji kati ya miguu ya Nanok, aliyekuwa akiyaandika maneno ya Sista. Ndani ya mikunjo ya gunia, Awoi alipolifungua, karatasi ndogo ndogo za majina zilikuwa zimegandamana kwa wingi, zimelainika, baadhi bado zinasomeka. Alizitazama kwa huzuni kubwa. Kila moja ilikuwa imetoka kwenye kichupa ambacho mtu alikishika, akaona kiko uchi, akakirudisha mahali pake bila kusema.

Kilio cha mtoto kilisikika, kisha sauti ya mama yake akiuliza kitu kwa Kiturkana. Wote wawili walikuwa hai.

Ekiru ndiye aliyetoka kwanza, kofia mkononi. Aliangalia kulia na kushoto, akasogea karibu na Inspekta, akateremsha sauti kama mtu anayempa rafiki siri.

"Madam, sasa umesikia mwenyewe. Mimi niko tayari kuandika upya." Alinyoosha mgongo. "Sista Akoru aligeuza sanduku kwa uzembe wake mwenyewe, sisi wengine hatukujua lolote."

Nanok aliacha kuandika. Mlangoni nyuma ya Ekiru alikuwa amesimama Sista Akoru, sare yake bado imelowa, na alikuwa amesikia kila neno. Yeye ndiye aliyewafundisha sentensi hiyo.

Awoi aliinuka, akamwekea Ekiru mkono begani, akamgeuza taratibu hadi uso wake ukaangalia ukuta.

"Hukujua lolote," alisema. "Basi nyosha tena ule mkono, daktari, umwonyeshe Koplo ganzi hukaa upande gani."

Ekiru alisimama pale, uso ukutani. Mkono wake haukuinuka, na Nanok akageuza ukurasa akaanza kuandika.